Mgeni Njoo, Kituo Kipone

Mwezi Februari 1974, Wamarekani watatu walijiandaa kuiaga nyumba waliyoishi kwa siku 84. Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue walikuwa kikosi cha tatu kukaa Skylab, kituo cha kwanza cha anga cha Marekani, na hakukuwa na kikosi cha nne kwenye ratiba. Hata hivyo hawakuondoka kama watu wanaohama. Waliacha mfuko wenye mahitaji kwa ajili ya wageni watakaokuja, na mlango wakaurudishia bila kuutia komeo. Tena, chombo chao cha Apollo kikiwa bado kimeshikamana na kituo, waliwasha injini na kuisukuma Skylab juu kwa takribani kilomita 11, ili wageni hao waikute.

Mfuko ule haukufunguliwa na mtu yeyote.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitumia methali hii mezani: mgeni akija kuku huchinjwa, na watoto wa nyumbani nao wakapata paja. Lakini ukisoma historia ya vituo vya anga, kuanzia miaka ya 1970 hadi leo, utaona kwamba kule juu methali hii ni maelezo ya kiufundi. Kituo cha anga hubaki juu kwa sababu kinatembelewa. Kisipotembelewa, huanguka.

Sababu yake inapingana na jambo ambalo wengi wetu tulitoka nalo shuleni, kwamba huko juu hakuna hewa kabisa. Hewa ipo, ila ni haba mno. Kituo cha Anga cha Kimataifa huizunguka dunia kwenye mwinuko wa kilomita 400 hivi, kikienda zaidi ya kilomita 7.6 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo hata chembe chache za hewa zinazogonga kuta zake na mabawa yake mapana ya sola zinatosha kukipunguzia kasi kidogo kidogo. Kikipungua kasi, huzama, kwa wastani wa kama kilomita 2 kwa mwezi. Kikizama, hukutana na hewa nzito zaidi, nayo hukizamisha kwa haraka zaidi. Ni deni linalozaa riba. Na jua likichachamaa, kama lifanyavyo kila baada ya miaka 11 hivi, tabaka za juu za angahewa hupata joto, huvimba na kupanda, na riba ya deni huongezeka bila mdaiwa kukosa lolote.

Dawa yake ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Kituo hakisukumwi kwenda juu, husukumwa mbele. Ukikiongezea mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, wastani wa mwinuko wake hupanda kwa takribani kilomita 1.75. Kazi hiyo inahitaji injini na mafuta. Kituo huweza kuwa na injini zake, lakini injini huchakaa, na hakuna kisima cha mafuta angani. Kila lita hutoka ardhini. Chombo kinachokuja na mzigo, kwa upande wake, hufika kikiwa na injini yake na mafuta yake, na mara nyingi baada ya miezi michache huachwa kiteketee katika angahewa. Mwenyeji mwenye akili ataichosha injini ya mgeni kabla ya kugusa ya kwake. Hapa pia wahenga wametutangulia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Skylab ilikosa mgeni wa kumpa jembe. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitarajia kituo kibaki juu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpango ulikuwa kwamba chombo kipya, Space Shuttle, kingepanda na kifaa kidogo chenye injini, kingekipachika kwenye Skylab, nacho kingeisukuma hadi mahali salama. Mambo mawili yakaharibika kwa pamoja. Utengenezaji wa Shuttle ukachelewa, na jua likachachamaa kuliko ilivyotabiriwa. Desemba 1978, NASA ikaachana na mpango wa uokoaji. Tarehe 11 Julai 1979, zaidi ya tani 70 za nyumba iliyoachwa bila komeo zikaingia angahewa, na vipande vyake vikatawanyika juu ya Bahari ya Hindi na Australia Magharibi, karibu na mji wa Esperance. Hakuna aliyeumia. Halmashauri ya Esperance iliiandikia NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka. Shuttle ya kwanza iliruka tarehe 12 Aprili 1981, miezi 21 baada ya matanga.

Miezi mitatu kabla ya Skylab, angahewa hiyohiyo ilikuwa imemeza chombo kingine, chenye jina lisilohitaji tafsiri kwa msomaji wa lugha hii: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, na satelaiti ikapewa jina hilo. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, na ilichora ramani ya vyanzo 339. Haikuwa na injini ya kujiinua wala gati la kupokea mgeni. Ilimaliza kazi yake mwaka 1973, ikaendelea kuzama polepole, na Aprili 1979 ikateketea. Hilo si la kulaumiwa, kwa kuwa satelaiti nyingi za wakati ule ziliundwa ziishi hivyo. Lakini linaonyesha kanuni yenyewe waziwazi: kwenye mwinuko ule, anayejitegemea ana tarehe ya mwisho.

Wasovieti walikuwa wameielewa kanuni hiyo kwa njia ngumu. Vituo vyao vya mwanzo, kuanzia Salyut 1 ya mwaka 1971, vilikuwa na gati moja tu. Chombo kilicholeta wanaanga kilipotia nanga, nafasi ilijaa. Kituo kiliishi kwa akiba kiliyopanda nayo, na mafuta yalipopungua, umri nao ulipungua. Salyut 6, iliyorushwa Septemba 1977, ilikuwa na kitu kinachoonekana kidogo kwenye mchoro lakini kikabadilisha historia: gati la pili, upande wa nyuma.

Kwenye gati hilo, Januari 1978, kikafika chombo kisicho na mtu ndani. Kiliitwa Progress, neno ambalo kwa Kirusi lina maana ya maendeleo. Kilikuwa ndugu wa Soyuz aliyeondolewa viti na ngao ya joto, kwa sababu hakikukusudiwa kurudi. Ndani kulikuwa na chakula, hewa, vifaa na mafuta. Yuri Romanenko na Georgi Grechko walipakua mzigo, mafuta yakahamishwa kupitia mabomba hadi kwenye matangi ya kituo, jambo ambalo halijawahi kufanyika angani kabla ya hapo, kisha injini ya Progress ikawashwa kuinua kituo kizima. Mwishoni chombo kikajazwa taka, kikaachiliwa, kikaungua. Romanenko na Grechko wakakaa siku 96, wakivunja rekodi ya siku 84 iliyowekwa na wale waliouacha mlango wa Skylab bila komeo. Salyut 6 ikadumu karibu miaka mitano.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba tangu hapo somo lilieleweka. Halikueleweka. Mwaka 1986 Wasovieti walikuwa na kituo kipya, Mir, na Salyut 7 ikabaki bila kazi. Mwezi Agosti mwaka huo, chombo kikubwa kilichokuwa kimeunganishwa nayo, Kosmos 1686, kiliwasha injini na kuiinua hadi karibu kilomita 475. Matumaini yalikuwa kwamba siku moja Buran, chombo cha Kisovieti kilichofanana na Shuttle, kingefika kuishughulikia. Buran iliruka mara moja tu, Novemba 1988, bila mtu ndani. Jua likachachamaa tena. Tarehe 7 Februari 1991, Salyut 7 ikaanguka, na vipande vyake vikaokotwa Argentina. Mwaka huohuo nchi iliyoijenga nayo ikasambaratika.

Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, Skylab na Salyut 7, mataifa mawili mahasimu yanasimulia kisa kimoja. Yote mawili yaliinua kituo kwa msukumo wa mwisho, yakamkabidhi mgeni ambaye bado alikuwa kiwandani, na yote mawili yakashindwa na jua. Vituo hivyo vilikuwa na hitilafu zao, lakini kilichoviangusha ni ratiba. Kukiinua kituo mara moja ni kuahirisha. Kinachokiweka juu ni mazoea: kuna chombo kinachopakiwa leo, kingine kinachoundwa, na bajeti ya kile cha mwaka kesho.

Kituo cha Anga cha Kimataifa kilijengwa juu ya mazoea hayo, tangu kipande chake cha kwanza kirushwe Novemba 1998. Shuttle za Marekani ziliinua kituo zilipokuja na mizigo, na Progress vilevile. Februari 2003 Shuttle iitwayo Columbia ilipovunjika ikirejea na kuua wanaanga saba, Shuttle nyingine zikasimamishwa hadi Julai 2005. Kwa muda wote huo kikosi kilipunguzwa hadi watu wawili, na kituo kilibaki juu kwa huduma ya vyombo vya Urusi. Kati ya 2008 na 2015 vyombo vitano vya Ulaya vilikuja kwa zamu, cha kwanza kikiitwa Jules Verne. Mwaka 2011 kituo kikainuliwa kutoka kilomita 350 hivi hadi karibu 400, kwenye hewa haba zaidi, na mahitaji ya mafuta ya kubaki juu yakashuka kutoka zaidi ya tani 8 kwa mwaka hadi chini ya tani 4.

Lakini anayeshika jembe ana sauti nyumbani. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na Marekani kutangaza vikwazo, Dmitry Rogozin, mkuu wa shirika la anga la Urusi wakati huo, aliuliza hadharani nani angekizuia kituo kisianguke iwapo ushirikiano ungekatwa. Swali lilikuwa la vitisho, ila halikuwa la kipuuzi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme ilitoka upande wa Marekani, na msukumo ukatoka upande wa Urusi. Juni mwaka huohuo, Cygnus, chombo cha mizigo cha kampuni ya Kimarekani, kilisukuma kituo. Novemba 2024 Dragon ya SpaceX ikafanya hivyo kwa mara ya kwanza, kwa dakika 12 na nusu, na Agosti 2025 ikafika Dragon nyingine iliyobeba injini na matangi ya ziada kwa kazi hiyo. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani. Waliongezwa tu watu wanaojua kulima.

Kuna jambo la mwisho ambalo wageni hufanya. Mir, baada ya miaka 15 angani, haikuachwa ijiangukie. Tarehe 23 Machi 2001 Progress iliyokuwa imetia nanga iliwasha injini kuelekea kinyume cha mwendo, na kwa misukumo mitatu ikaishusha Mir katika eneo tupu la Pasifiki ya Kusini. Chombo cha aina ileile iliyoiinua kwa miaka mingi ndicho kilichoizika.

Kituo cha sasa kitazikwa hivyo. Juni 2024 NASA iliichagua SpaceX kuunda chombo cha kukiteremsha, kwa mkataba unaoweza kufikia dola milioni 843. Kituo kina uzito wa tani zaidi ya 400, na injini za kawaida za vyombo vya mizigo hazitoshi kukielekeza baharini bila hatari kwa watu walio chini. Mgeni huyo anatarajiwa kufika mapema, kituo kikiwa bado na watu. Atatia nanga kama walivyotia wengine, atangoja wenyeji waondoke, kisha ataanza kazi.