Sifa za nodi

Sifa za nodi ni taarifa zinazoambatanishwa na nodi (mhusika au kitu kimoja kwenye mtandao wa mahusiano) katika programu za uchanganuzi wa mitandao, kwa mfano jina, umri, cheo au kundi. Viungo huonyesha nani anahusiana na nani. Sifa hueleza kila mhusika ni nani.

Uwekaji. Katika NetworkX, maktaba ya lugha ya Python, kila nodi ina kamusi yake yenye jozi za ufunguo na thamani. Sifa huwekwa nodi inapoongezwa kwa `add_node`, au baadaye kwa kuandika `G.nodes[5]["umri"] = 30`, ambapo `G` ni mtandao na 5 ni kitambulisho cha nodi. Kwa nodi nyingi kwa pamoja hutumika `set_node_attributes(G, thamani, jina)`. Kabla ya toleo la 2.0 la mwaka 2017, jina lilitangulia thamani, hivyo msimbo wa zamani huhitaji marekebisho. Kitendaji hiki huruka bila onyo nodi isiyomo kwenye mtandao. Tahajia na aina ya vitambulisho zihakikiwe kwanza, kwani 5 ya namba si "5" ya maandishi.

Matumizi. Mfano mashuhuri ni klabu ya karate ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani, iliyochunguzwa na Wayne Zachary katika makala ya 1977. Mtandao huo una nodi 34, na katika NetworkX sifa ya `club` huonyesha kila mwanachama alifuata upande gani klabu ilipogawanyika. Sifa hiyo humwezesha mchanganuzi kupaka nodi rangi, kuzichuja, na kupima iwapo wanaofanana huelekea kuunganishwa.