Chombo Kidogo Gatini: Historia ya Kazi na Maneno Yake

Methali ya Waswahili yasema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Wengi waijuao hueleza upesi kuwa maskini hana nguvu ya kushindana na wakubwa. Lakini si wengi wawezao kueleza joshi ni nini. Joshi ni upande utokao upepo, na pia ni pembe ya mbele ya tanga ifungwayo upande huo. Upande uendako upepo huitwa demani, nalo ni jina la kamba ivutayo pembe ya nyuma ya tanga. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotawala kazi iliyo ngumu sana katika ubaharia wa vyombo vidogo, yaani kukileta chombo ukingoni na kukiondoa salama.

Historia ya kazi hiyo haina budi kuanza mahali pasipokuwa na gati. Periplus ya Bahari ya Erythraea, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, chataja vyombo vidogo vya kushonwa huko Rhapta. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi vijana walivyoijia merikebu kwa sambuku, wakiwachukulia wafanyabiashara chakula. Merikebu kubwa ilikaa penye maji ya kina. Chombo kidogo kikaenda na kurudi. Kwa hakika, chombo kidogo ndicho kilichokuwa gati.

Mahali pa kufikia paliitwa diko, au liko. Hapo baharia aliongozwa na maji. Pwani ya Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3 siku za bamvua, na neno pwani lenyewe latokana na kitenzi kupwa. Baharia alikuja maji yakijaa, akatua tanga mapema, akashika pondo, na maji yalipotoka chombo kikakaa mchangani. Kosa dogo halikuleta hasara kubwa.

Gati la mawe lilidai ujuzi mwingine. Tanga la pembe tatu hufungwa katika foromali ndefu, nayo hutundikwa mlingotini. Ili kubadili upande, desturi ni kuupa upepo tezi na kuizungusha foromali mbele ya mlingoti. Mzunguko huo wataka nafasi, na karibu na gati nafasi ni haba. Basi upepo ukivuma kuelekea ukutani, baharia mwenye busara haelekezi omo huko. Hutia nanga mbali, upande wa joshi, hutua tanga, kisha huilegeza amari kidogo kidogo hata tezi ikaribie ngazi. Akitaka kuondoka huivuta amari ile ile mpaka chombo kifike penye nanga, ndipo atwekapo tanga. Upepo ukitoka nchi kavu, hukaribia kwa kubisha, na akiwa karibu huilegeza demani; tanga hupoteza upepo, na mwendo uliosalia humfikisha. Ngalawa haikuweza kuyazoea hayo, kwa kuwa matengo yake huzuia ubavu usilale ukutani. Ndiyo sababu ikabaki dikoni.

Maneno ya kazi hii yana asili mbili. Nahodha na bandari yatoka katika Kiajemi. Demani lalingana na neno la Kiajemi lenye maana ya upindo wa vazi. Na joshi na foromali yana wenzao katika usemi wa mabaharia wa Ghuba. Lakini tanga, kafi, kutua, kutweka na kupwa ni ya Kibantu. Mtu asidhani kwa hayo kwamba wenyeji walifundishwa bahari na wageni. Mtepe wa Lamu ulikwenda kwa tanga la mkeka la pembe nne. Tanga la pembe tatu lilikuja na majina ya viungo vyake, hali kazi ya ukingoni ilikwisha kuwa na maneno yake.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika karne ya 20. Gati za kwanza za maji ya kina zilikamilika Kilindini mwaka 1926, na Dar es Salaam mwaka 1956. Kabla ya hapo shehena ya meli iliteremshwa katika matishali. Baadaye meli yenyewe ikaegama ukutani, na chombo kidogo kikapoteza sehemu ya kazi yake ya kale. Kisha zikaja mashine, na baharia mwenye mashine hana haja kubwa ya kutofautisha joshi na demani.

Kamusi ya Sacleux, iliyoanza kutolewa mwaka 1939, na kitabu cha Prins juu ya ubaharia wa Lamu, kilichotolewa mwaka 1965, vimehifadhi mengi. Hata hivyo jina la kamba likitengwa na mkono uivutao huwa nusu ya neno. Kuegesha, kitenzi cha kukisogeza chombo ukingoni, sasa huambiwa dereva wa gari, nacho kimeokoka kwa kuhama. Joshi halikupata pa kuhamia ila ndani ya methali. Lamu bado kuna mashua ziendazo kwa tanga, na manahodha wawezao kuonyesha kila neno kwa tendo lake. Kazi ya mtaalamu wa lugha ni kuwafuata huko gatini, upepo ukivuma, kabla methali haijawa maneno matupu.