Sandarusi kwenye Dashibodi: Historia ya Mng'aro wa Mbao kutoka Pwani hadi Mbarara

Historia ya gari katika Afrika Mashariki huandikwa kwa mtindo mmoja. Gari lilikuja. Lilishushwa bandarini Mombasa, likapanda bara, likawabeba mabwana shauri, kisha wafanyabiashara, kisha mawaziri wetu wenyewe. Katika maelezo hayo yote sisi ni wapokeaji: wengine walitengeneza, sisi tukajifunza kuendesha na kukarabati. Ninadai katika insha hii kwamba kipande kimoja cha gari, yaani dashibodi ya mbao, kinatulazimisha kuigeuza sentensi hiyo. Kabla ya kupokea gari tulikuwa tumekwisha kutoa kile kilichozifundisha nchi za Ulaya na Marekani kupenda mbao zinazong'aa. Suala hili si la makumbusho tu. Kila mara fundi wa Mbarara anapoifungua dashibodi ya Mercedes kuukuu na kuanza kuikwangua, anaamua kitakachobaki na kitakachofutwa katika historia hiyo, na kwa kawaida hakuna aliyemwambia kwamba anaamua jambo kama hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Dashibodi ilikuwapo kabla ya gari la injini. Katika magari ya farasi, lilikuwa jina la ubao au ngozi iliyosimamishwa mbele ya mwendeshaji ili kuzuia tope lililorushwa na kwato. Farasi alipoondolewa na injini kuwekwa mahali pake, ubao ulibaki. Halafu zikatobolewa nafasi za saa, za kipimo cha mwendo na za swichi, na kizuizi cha tope kikawa uso wa gari kwa ndani. Kwa hiyo mbao tunazoziona kwenye magari ya zamani ni urithi wa mafundi waliotengeneza magari ya farasi, na mafundi hao walirithisha pia namna ya kuzipaka.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Rangi ya mwisho ya gari la farasi la karne ya 19, ile iliyolifanya ling'ae kama kioo na kustahimili mvua, ilipikwa kwa utomvu mgumu, na utomvu uliosifiwa kuliko mwingine ulijulikana sokoni kwa jina la Zanzibar. Waswahili waliuita sandarusi. Jina la Zanzibar lilitokana na bandari tu, kwa maana mali yenyewe ilichimbwa zaidi bara, katika ardhi nyekundu ya kichanga nyuma ya Bagamoyo, Dar es Salaam na Kilwa. Ulikuwa utomvu wa msandarusi uliofukiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba mara nyingi mti ulioutoa ulikuwa umekwisha kutoweka. Wachimbaji walifukua vishimo vifupi kwa jembe, hasa baada ya mvua, wakapata vipande vya rangi ya asali, vingine vikiwa na mdudu ndani kama kaharabu. Vilipooshwa kwa magadi uso wake ulionyesha vipele vidogovidogo mithili ya ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na wanunuzi waliitumia alama hiyo kutambua mali halisi. Utomvu mbichi, uliokuwa bado juu ya mti au umeanguka karibuni, uliitwa chakazi na bei yake ilikuwa duni. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba wafanyabiashara wa kigeni waliligeuza neno chakazi hadi likafanana na jina la Kiingereza la punda dume. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hiki ni kichekesho, lakini pia ni ushahidi: madaraja ya ubora yaliyotumika katika biashara ya dunia yalitungwa kwa Kiswahili kwanza.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 nchi yao ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli zao zikawa zinaleta kitambaa na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kitambaa hicho ndicho tunachokiita merikani hadi leo. Kwa hiyo mwanakijiji wa Uzaramo aliyevaa merikani aliinunua, moja kwa moja au kwa kupitia kwa Mhindi wa pwani, kwa kitu kilichokwenda kung'arisha gari la tajiri wa Boston au London. Kule sandarusi ilipikwa katika joto la zaidi ya digrii 300 hadi ikayeyuka, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, kisha ikapakwa tabaka juu ya tabaka kwa majuma kadhaa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameifuatilia biashara hii katika makala ya mwaka 2007, na ameifungamanisha na misitu ya pwani na siasa zake hadi kuelekea vita vya Maji Maji. Ninashangaa kwamba vitabu vyetu vya shule hutaja pembe, karafuu na watumwa katika pumzi moja na kuiruka sandarusi, ilhali ni bidhaa ambayo mkulima wa kawaida aliweza kuifukua kwa jembe lake mwenyewe bila kuomba bunduki wala msafara.

Magari ya kwanza ya injini yalipakwa kwa njia hiyohiyo ya taratibu. Lakini kufikia hapo kitovu cha utomvu kilikuwa kimehama. Kongo ya Wabelgiji ilianza kutoa sandarusi yake, ya mti mwingine, kutoka misitu ya kinamasi ya Équateur. Wanakijiji waliiokota majini na matopeni, wengi wao ili wapate fedha za kulipa kodi ya mkoloni. Historia hiyo haina utamu wa ile ya kitambaa cha merikani. Ilikuwa mali ile ile ya kung'arisha, ila mwokotaji hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Baadaye, mwaka 1923, DuPont na General Motors walitoa rangi ya nitroselulosi iliyokauka kwa saa badala ya majuma, zikafuata resini za viwandani, na sandarusi ya pwani na ya Kongo ikapoteza soko. Lakini macho ya wanunuzi yalikuwa yamekwisha kuzoea. Kilichobaki katika magari ya kifahari ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, yenye dashibodi za mjozi wa Ulaya zilizong'arishwa kama maji, kilikuwa ni kuiga kwa kemikali ule mng'aro uliozoeleka kwa sandarusi.

Sasa tuje Uganda. Gari ninalolichukua kama mfano ni Mercedes ya aina ya W123, iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa 1975 hadi Januari 1986, jumla yake ikiwa karibu milioni 2.7. (Januari hiyohiyo NRA iliingia Kampala, ingawa sidhani kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kuyaoanisha mambo hayo mawili.) Ni gari la wale ambao Kiswahili cha baada ya uhuru kiliwaita wabenzi, na baada ya kupita mikononi mwa watu watano au sita bado linaonekana Mbarara, likiendeshwa na mzee aliyestaafu au likisubiri injini chini ya mwembe. Zile za miaka ya mwisho zina ukanda wa mbao yenye mistari myeusi na ya njano kama pundamilia. Mbao hiyo hutoka Kamerun na Gabon, na mti wake leo umo katika orodha ya miti iliyo hatarini. Kwa maneno mengine, hata baada ya utomvu wetu kusahauliwa, dashibodi iliendelea kuchukua kitu cha Afrika, kukipeleka Ujerumani na kukirudisha kikiwa na bei nyingine.

Jua la miaka 40 kupitia kioo cha mbele huipasua rangi. Kwanza hugeuka njano, kisha hupata nyufa kama za tope lililokauka, halafu unyevu huingia na ganda la mbao huinuka pembeni. Mwenye gari huenda gereji, na gereji humtafuta seremala. Mafundi magari wengi hawapendi kugusa mbao, na maseremala wengi hawapendi kugusa nyaya. Niliyemtazama akifanya kazi hii alikuwa seremala Mkongomani mwenye makazi Nakivale, aliyekuja mjini kwa siku chache kwa kazi hiyo moja. Nakivale, iliyo katika wilaya ya Isingiro, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo ina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, huku Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Kazi ya kila siku ya maseremala wa huko ni milango, vitanda, viti na, kwa bahati mbaya, majeneza. Dashibodi ni kazi ya nadra, nao huipenda kwa sababu inalipa na kwa sababu inawapima.

Kazi yenyewe huanza kwa kukata waya hasi wa betri. Kundi la vipimo katika gari hili halikufungwa kwa skrubu. Limeshikiliwa na mpira tu, hivyo huvutwa polepole kwa vyuma viwili vilivyopindwa ncha hadi mkono uingie nyuma na kulegeza waya wa kipimo cha mwendo. Vitufe vya hewa huvutwa, kisahani cha majivu hutolewa, redio huchomolewa, na ndipo vipande vya mbao huachia. Fundi alichora dashibodi kwenye kipande cha boksi na kuchomeka kila skrubu mahali pake katika mchoro. Nimeona maabara zisizo na mpangilio kama ule.

Kukwangua ndiko kunakohitaji moyo. Ganda la mbao halifikii unene wa milimita moja. Msasa mkali ukipita mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, unatokeza ubao wa chini na hakuna dawa. Kwa hiyo hutumia kipande cha kioo kilichovunjwa kwa makali yaliyonyooka, akikivuta kufuata mistari na kuondoa rangi kama unga mweupe, na msasa huja mwishoni tu, namba 240 kisha 320. (Msasa, kwa wasiojua, ni jina la mti kwanza. Majani yake makavu yalisugua mbao za pwani kabla ya karatasi kufika.) Palipoinuka hupaka gundi chini kwa wembe na kubana kwa vipande vya mbao usiku kucha. Palipokosekana kabisa hukata kiraka kwa kufuata mstari mweusi, ili kiungo kijifiche ndani ya mstari. Halafu vanishi, tabaka nyembamba saba au nane, kila moja ikikauka na kusuguliwa kwa maji. Hupaka alfajiri, baada ya kunyunyizia sakafu maji, kwa sababu vumbi la Mbarara wakati wa kiangazi halina adabu. Mng'aro wa mwisho aliutoa kwa kitambaa na dawa ya meno.

Mabishano yalikuja kuhusu kiasi cha mng'aro. Mwenye gari alitaka dashibodi ing'ae kama simu mpya. Fundi alitaka kuishia kabla ya hapo, na alikuwa na hoja: nyuma ya kisahani cha majivu, mahali ambapo jua halikufika, rangi ya kiwandani ilikuwa nzima, na ilikuwa tulivu, haikung'aa sana. Kwa hiyo kile kilichoitwa kulirudisha gari katika hali yake ya asili kilikuwa kulipeleka katika hali ambayo halikuwahi kuwa nayo. Mwenye fedha alishinda, kama inavyotarajiwa. Simlaumu kabisa. Gari ni lake, na mng'aro mkali una historia ndefu kuliko utulivu ule wa Kijerumani. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba suala la namna hii ni la matajiri wa Ulaya wenye magari ya maonyesho. Fundi yule aliusoma ushahidi uliokuwa kwenye kitu chenyewe kabla ya kukata shauri, na hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa darasani kuifanya kwa nyaraka. Tofauti ni kwamba sisi hatupoteza malipo tukiusoma ushahidi vizuri kupita matakwa ya msomaji.

Walipatana jambo moja. Upande wa nyuma wa kila kipande, na ile sehemu iliyofichwa na kisahani, haukuguswa kwa kioo wala msasa. Maandishi ya kiwandani ya penseli yalibaki, na rangi ya zamani ilibaki kiasi cha upana wa vidole viwili. Kwa maoni yangu ingefaa mafundi wote wafanye hivyo, kwa kuwa hakugharimu kitu wala hakuonekani.

Kuhusu jina la kile alichokuwa akipaka, fundi aliita verni, kwa Kifaransa cha shule ya Kivu. Mafundi wa gereji waliita vanishi. Nilipomtajia sandarusi, alisema hajawahi kulisikia neno hilo. Akaniuliza linamaanisha nini, nami nikamweleza habari za ardhi nyekundu, vipele vya kuku na kodi ya Équateur. Alisikiliza hadi mwisho huku akiendelea kusugua, kisha akauliza kama bado inapatikana, na kilo moja inauzwaje.