Usubi, Kaa na Mito ya Nyanza

Msomaji, ukipita kando ya mto uendao kasi, ukaumwa na inzi mdogo mweusi mwenye kibiongo, ujue kwamba huyo ni usubi. Zamani katika Nyanza kuumwa naye hakukuwa jambo dogo. Usubi jike hufyonza damu ili mayai yake yakomae; naye akitoka kwa mgonjwa, aweza kumwambukiza mtu mwingine minyoo. Vitoto vya minyoo hiyo hutambaa ndani ya ngozi mpaka machoni, na baada ya miaka mingi mtu hupofuka.

Usubi hatagi katika maji yaliyosimama kama wafanyavyo mbu wengi. Hutafuta mkondo wenye nguvu, na aina nyingi hubandika mayai juu ya mawe au majani yaliyolala mtoni. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi hujishikiza kwa uzi mfano wa hariri na kwa vikulabu vidogo, wasichukuliwe na maji.

Basi wataalamu walipekua mawe na majani. Viluwiluwi wa aina nyingine waliwapata, lakini wa ile iliyoleta upofu Nyanza, iitwayo Simulium neavei, hawakuwaona. Mwaka 1946 Garnham na McMahon walitia D.D.T. katika vijito vya bonde la Kodera, ingawa hawakujua viluwiluwi wamejificha wapi. Usubi wakatoweka. Dawa ilikuwa imewafikia, lakini siri ikabaki.

Mwaka 1950 van Someren na McMahon waliitangaza siri hiyo: viluwiluwi walikuwa wamejishikiza juu ya kaa wa mtoni! Watu walikuwa wakigeuza mawe, na kaa akitambaa zake na mzigo wake mgongoni. Tangu hapo, aliyetaka kujua kama mto una usubi huyo aliwatega kaa akawachungua.

Kazi ikaendelea mto baada ya mto, na mwaka 1958 McMahon na wenzake wakaandika kwamba aina hiyo imekwisha Kenya. Baadaye ilijulikana kwamba D.D.T. hudumu muda mrefu na kudhuru samaki na ndege. Hivyo ushindi ule haukukosa gharama.

Nawe, msomaji, ukikosa jibu mahali ambapo wote wametafuta, jiulize ni wapi ambapo hakuna aliyetazama.