Nauli ya Jembe

Vijana wa Ulaya wanaozunguka nchi za watu wakiwa na mfuko mgongoni na fedha kidogo si kioja tena kwetu. Mmoja mmoja huonekana hata Nyakanazi na Rusumo, akiulizia basi na gesti ya bei nafuu. Wajukuu zangu hudhani usafiri wa namna hiyo ni uvumbuzi wa Wazungu. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi huwajibu kwamba watu wa Ngara na Biharamulo walijua kusafiri bila fedha tangu zamani, na kwamba msafiri maskini hujiuliza kwanza ni nani atakayempokea jioni, ndipo aulize bei.

Tuanze na wageni waliokuwa na mali. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi ambayo leo imo katika wilaya hizi zetu, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mtemi Suwarora hakuwaachia wapite hivi hivi. Walicheleweshwa, wakatozwa hongo ya nyaya, nguo na shanga, na wakubwa wa njiani nao wakadai fungu lao. Hongo siku zile ilikuwa ushuru wa njia, si rushwa tunayoijua leo. Lakini walipoingia Karagwe, kwa Rumanyika, waliambiwa kuwa huko wageni hawatozwi kitu, na vijiji viliagizwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Msafara ulikuwa ule ule na nchi zilipakana, ila wenyeji walikuwa mbalimbali.

Wasafiri walio wengi, hata hivyo, hawakuwa na shanga wala nyaya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maelfu ya watu kutoka Burundi na Rwanda, pamoja na Wahangaza na Washubi wa kwetu, walikwenda Buganda kutafuta fedha za kodi na nguo kwa kulima pamba na kahawa za watu. Wengi walikwenda kwa miguu. Waliopita upande wetu walishika njia ya kaskazini, wakavuka Kagera pale Kyaka, wakaingia Uganda kwa Mutukula na kuelekea Masaka. Serikali za kikoloni zilihitaji nguvu zao, kwa hiyo zilijenga kambi za kupumzikia katika baadhi ya njia hizo. Mahali pasipokuwa na kambi, msafiri alitegemea mlango wa mtu.

Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, niliwaona. Walifika jua likizama, mkeka begani na kibuyu mkononi, wakasimama uani mpaka wasemeshwe. Mama aliwaonyesha kibanda cha kuni walale, akawapa viazi na maharage. Asubuhi walilima kipande cha shamba, kisha wakaondoka. Hakuna aliyetaja malipo. Shuleni tulifundishwa kwamba methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, humkanya mgeni mvivu. Nyumbani kwetu niliielewa kuwa ni heshima kwa mgeni: anayelima hakuomba, amelipa.

Jambo la kunifurahisha ni kwamba Ulaya nako aliyelianzisha jambo hili alikuwa mwalimu. Mwaka 1909 Mjerumani Richard Schirrmann alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, mvua kubwa ikawakamata, wakalala katika darasa la shule ya kijiji. Usiku ule aliwaza: madarasa hukaa matupu wakati wa likizo, kwa nini yasiwapokee vijana wanaotembea? Miaka michache baadaye bweni la vijana lilifunguliwa ndani ya ngome ya kale ya Altena. Uingereza ilianzisha chama chake cha mabweni mwaka 1930, na kwa miaka mingi mgeni alipaswa kufagia au kuosha vyombo kabla ya kuondoka. Hilo ni jembe lile lile! Mwaka 1972 reli za Ulaya zikatoa tiketi moja ya mwezi mzima kwa vijana wasiozidi miaka 21, itumike katika nchi 21. Unafuu huo haukuletwa na soko. Watu walikaa wakaamua kwamba kijana asiye na kitu naye aione dunia.

Sisi pia tulikuwa na sehemu yetu. Vijana wa wakati wangu tulikwenda vyuoni kwa waranti ya serikali, daraja la tatu melini na katika treni, na nchi kavu tukaketi juu ya magunia ya lori. Nilipokuwa mkuu wa shule, abiria waliokwamishwa na matope walilala madarasani, na asubuhi walifagia wenyewe. Hata boma la Wajerumani la Biharamulo, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kututawala, baadaye lililaza wageni, kama ngome ya Altena.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaenea Benaco. Hakuna kibanda cha kuni kinachotosha wageni wa idadi hiyo. Miti ilikwisha, silaha zikazagaa, na kwa miaka mingi mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi. Milango ikafungwa, wala siwalaumu waliofunga. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa mkoani wahamiaji wasio na vibali, baadhi yao wakiwa wameishi hapa miongo mingi.

Leo ipo lami, na gesti zipo kila senta. Mwenye fedha husafiri vizuri kuliko Speke. Lakini vijana wa Burundi wangali wanakuja kulima mashamba yetu, na wapo wenyeji wanaopokea jembe huku wakimwogopa mwenye jembe, na siku ya malipo humtishia kumpeleka kwa wakubwa. Huko ni kuigeuza methali. Aliyelima apewe chakula chake, mahali pa kulala na ujira wake, na vibali vishughulikiwe kwa haki na mamlaka husika.

Na kwa watoto wetu wenyewe nina ombi moja. Madarasa yetu pia hukaa matupu Juni na Desemba. Mtoto wa Ngara angeweza kwenda kuiona Kilwa, na wa Kilwa akaja kuuona mto Kagera, wakilala shuleni na kufagia asubuhi. Mwalimu mmoja alianza na darasa moja na majani makavu ya kulalia. Walimu tunao, na majani tunayo.