Wapiga Kura wa California na Tiba ya Uti wa Mgongo

Huenda umezoea kudhani kwamba tiba mpya huzaliwa maabara na kukomaa hospitalini. Tazama basi kisa cha Marekani, ambako tiba moja ililelewa na kampuni, ikaachwa, kisha ikaokotwa kwa fedha za umma.

Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifaulu kuotesha seli shina za kiinitete cha binadamu, seli ziwezazo kugeuka kuwa za aina yoyote mwilini. Sheria ilikataza fedha za serikali kuu kutumika katika utafiti unaoharibu viinitete. Sehemu ya gharama ikalipwa na kampuni ya Geron. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza baada ya kuanguka farasini mwaka 1995, alizipigania seli hizo hadi alipofariki Oktoba 2004. Majuma machache baadaye, wananchi wa California walipitisha kwa kura Pendekezo la 71: jimbo likope dola bilioni 3 kugharimia utafiti huo.

Oktoba 2010, mjini Atlanta, mgonjwa wa kwanza alidungwa seli milioni 2 za Geron. Neva za uti wa mgongo zimevikwa utando, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Ukibanduka, ujumbe wa ubongo haufiki miguuni. Seli hizo zilikusudiwa kuurudishia. Wagonjwa watano tu walikuwa wametibiwa pale Geron ilipolisitisha jaribio, Novemba 2011. Si kwa sababu ya madhara: kampuni ilitaka kuelekeza fedha zake kwenye dawa za saratani. Pima mwenyewe uzito wake. Watu hao walikubali kutiwa mwilini kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kutiwa, na hatima ya jaribio lao ikaamuliwa na daftari la hesabu.

Mwaka 2014 wakala wa jimbo la California uliipa kampuni ya Asterias, iliyorithi kazi hiyo, zaidi ya dola milioni 14. Wagonjwa 25 wakapokea seli, wengine hadi milioni 20. Wale watano wa awali walifuatiliwa kwa miaka kumi: uvimbe haukuonekana. Kutembea, hawakurudia. Tiba yenyewe haijaidhinishwa, na Novemba 2020 wananchi wa California waliulizwa tena kama wako tayari kukopa, safari hii dola bilioni 5.5. Walikubali kwa takriban asilimia 51.