Rangi ya Nguo na Jua la Tropiki: Kitambaa Chekundu cha Wakoloni na Kaniki

Katika picha za enzi ya ukoloni, ni nadra kumwona Mzungu wa Afrika Mashariki amesimama juani bila kofia ngumu. Insha hii inaeleza hofu iliyokuwa nyuma ya vazi hilo na jinsi ilivyohusiana na rangi.

Miale ya urujuanimno iligunduliwa na Johann Wilhelm Ritter mwaka 1801. Mwaka 1905, Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, alichapisha kitabu akidai kwamba mwanga wa tropiki huharibu neva za watu weupe. Kwa kuwa mwanga mwekundu hauharibu karatasi za picha katika chumba cha giza, wengi waliamini kwamba kitambaa chekundu kingezuia miale hiyo. Huko London, Louis Sambon alibuni Solaro, kitambaa cha khaki chenye nyuzi nyekundu. Nchini Kenya, walowezi walivaa kofia zenye bitana nyekundu. Lakini jeshi la Marekani lilipowajaribu askari wake Ufilipino kwa nguo za ndani nyekundu, taarifa ya mwaka 1910 ilionyesha kwamba hazikuwa na faida, bali ziliongeza joto.

Je, rangi haina maana? Ina maana. Rangi nyingi za kutia nguo hufyonza urujuanimno, hivyo pamba ya rangi nzito huzuia miale mingi kuliko pamba hiyohiyo iliyopaushwa. Unene na ufumaji navyo huchangia. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, kaniki, nguo ya buluu iliyokolea, ilikuwa tayari miongoni mwa bidhaa za misafara. Walioivaa walikingwa na jua bila kuambiwa na daktari yeyote.

Kosa la Woodruff na wenzake lilikuwa kuifanya ngozi kuwa hoja ya ubora na udhaifu wa mataifa, huku hatari halisi, yaani kuungua na saratani ya ngozi, ikiachwa pembeni. Leo hapa Burundi, wanaoihitaji elimu hii zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Mtoto mwenye ualbino akivaa shati jeupe jepesi, hasa likilowa jasho, hukingwa kidogo tu. Nguo nzito ya rangi iliyokolea, mikono mirefu na kofia pana humfaa zaidi. Kwa hiyo, shule zinapochagua sare, zimfikirie na yeye.